Basi la Kukodi Hadi Lushoto, Moshi na Manyara: Ushauri kwa Vikundi vya Kengeja

Kila karafuu zikishauzwa na pesa zikaonekana mikononi, maswali huwa yale yale. Walimu wa skuli, kina mama wa vikoba, vijana wa madrasa na familia zinazotaka kuwatembeza wazee wao huuliza: tukitaka kuiona milima na maziwa ya Bara kwa basi letu wenyewe, tuanzie wapi? Basi tunalipata vipi? Siku ngapi zinatosha? Nimeyapanga majibu kwa hatua, kwa ajili ya mtu anayetoka Kengeja na anayetaka kurudi Kengeja salama.

Ndugu zangu, safari hii hutengenezwa au huharibiwa hapa hapa nyumbani, kabla hamjaliona hilo basi. Pangeni bahari kwanza, basi la pili, na vivutio vije mwisho. Kikundi kinachoanza na orodha ndefu ya miji ya kutembelea huishia kuiona miji hiyo kupitia dirishani.

## Chagueni njia, tena iwe fupi

Kwa mtu wa Pemba, mlango wa karibu wa Bara ni Tanga. Kutoka hapo njia ni hii: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, kisha mnapanda Lushoto. Mkishuka, mnaendelea Same, Mwanga na Moshi. Mwenye nguvu na pesa ataendelea Arusha, Mto wa Mbu na Karatu.

Mtauliza, mbona si Mwanza kwenye Ziwa Victoria, au Mbeya na Kyela kwenye Ziwa Nyasa? Kote huko ni kuzuri. Lakini Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, na Mwanza zaidi ya 1,100. Kwa kikundi chenye watoto na wazee, hizo ni siku nzima za kukaa kitini, kwenda na kurudi. Kwa mara ya kwanza ishikeni njia ya Tanga. Mmoja katika mipango hii mitatu utawatosha:

- Siku 5: Tanga na Lushoto tu. Unawafaa wanafunzi na wenye bajeti ndogo.
- Siku 7: Tanga, Lushoto, Moshi na Marangu. Huu ndio ninaowashauri wengi.
- Siku 9: Ongezeni Arusha, Ziwa Duluti na Ziwa Manyara. Usiwe chini ya hapo.

Siku hizo zinahesabu kuvuka bahari, kwenda na kurudi.

## Bahari kwanza

Msilipe hata shilingi ya basi kabla ya kujua mnavuka lini.

1. Nendeni wenyewe ofisi za meli bandarini Mkoani. Ulizeni kama kuna meli ya moja kwa moja hadi Tanga, siku gani, na inaondokea Mkoani au Wete. Ratiba hizi hubadilika, kwa hiyo jibu la mwaka jana si jibu.
2. Kama hakuna, piteni Unguja na Dar es Salaam. Hapo basi lenu likodiwe Dar es Salaam, lipitie Chalinze na Segera, na mwongeze siku mbili.
3. Acheni usiku mmoja wa akiba mkishuka melini, na mwingine kabla ya kupanda meli ya kurudi. Meli ikichelewa, mtakuwa na pa kulala na basi halitakuwa limewaacha.
4. Tazameni msimu. Kusi la Juni na Julai huichafua bahari ya mkondo wa Pemba. Anayetapika melini ameze dawa yake kabla ya kupanda. Akishaanza kutapika dawa haikai.

Sasa onyo, na ninalisema kwa uzito wote. Msivuke kwa jahazi la mizigo au mashua kutoka bandari bubu, hata nauli ikiwa nusu, hata nahodha akiwa mjomba wenu. Chombo kisichosajiliwa kubeba abiria hakina orodha ya majina wala maboya ya kutosha. Na kwenye meli yenyewe, mkiona watu wamezidi, shukeni. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja kwetu, na maiti zaidi ya 200 ziliopolewa. Ilikuwa meli yenye usajili, ila ilipakia kupita kiasi. Hakuna mlima unaostahili hatari hiyo.

## Kulikagua basi

Mkodi basi Tanga kupitia mtu mnayemwamini anayeishi hapo, na mtu huyo alione kwa macho yake. Picha za kwenye simu hazionyeshi breki. Mpeni orodha hii:

- Leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu ya Bara, na bima. Basi la abiria lina njia yake iliyoandikwa kwenye leseni. Likitoka nje ya njia hiyo kwa kukodiwa, mwenye basi aombe kibali. Mwambieni akionyeshe kabla ya safari, msije mkazuiwa barabarani watoto wakiwa na njaa.
- Matairi. Kwenye ubavu wa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2319, tairi hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka mingi huweza kupasuka hata likiwa na kashata nzuri. Mtazame yote, pamoja na ya ndani yaliyojificha nyuma na la akiba.
- Mikanda. Kila kiti kiwe na mkanda unaofunga. Mjaribu mmoja mmoja, msikubali "ipo ipo".
- Mlango wa dharura na nyundo za kuvunjia vioo. Mlango ufunguke kwa mkono mmoja, na usizibwe na mizigo.
- Waipa na taa. Ukungu na mvua za milimani havingoji msimu.
- Dereva. Huyu ni muhimu kuliko basi. Muulizeni amepanda Lushoto mara ngapi. Kama hajawahi, tafuteni mwingine. Safari ikizidi saa 8 kwa siku, sheria inataka madereva wawili.

Kwa ukubwa, msikimbilie basi kubwa. Mkiwa watu 25, Kosta inatosha na hupita vizuri kwenye kona za mlimani. Mabasi makubwa hupanda Lushoto kila siku, ila barabara nyingi za kuingia kwenye maporomoko na mabondeni zitayashinda.

## Mkataba uwe wa maandishi

Maneno ya simu husahaulika siku ya kudaiwa. Karatasi moja tu inatosha, yenye sahihi za pande zote mbili na mambo haya:

- Namba ya basi lenyewe, ili lisije jingine.
- Tarehe, na kila mji mtakaopita.
- Nani analipa mafuta, maegesho, na chakula na malazi ya dereva na utingo.
- Basi likiharibika, mwenyewe analeta jingine ndani ya saa ngapi.
- Meli ikichelewa, siku ya ziada ni kiasi gani.
- Malipo kwa awamu. Lipeni sehemu mwanzo, sehemu mkishaliona basi, na mwisho mkisharudi Tanga. Anayelipwa yote mapema hana haraka ya kupokea simu.

## Hesabu ya pesa

Kosa kubwa ni kugawanya gharama kwa idadi ya walioahidi. Gawanyeni kwa walioleta pesa. Kwenye basi la viti 50, fanyeni hesabu kama kwamba watakwenda 40. Wakizidi, chenji itakuwa akiba ya dharura; na viti 50 visipojaa, hamtalazimika kuwaomba wengine waongeze njiani.

Anzeni kukusanya miezi 4 au 5 kabla, kidogo kidogo kama mnavyofanya kwenye upatu. Mweka hazina na mtunza daftari wawe watu wawili tofauti. Pesa za safari zisikae mfukoni mwa mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi. Nyingine ziwe kwenye simu, na taslimu kiasi kwa matumizi ya siku.

Jambo linalosahaulika ni viingilio. Ziwa Manyara ni Hifadhi ya Taifa, na malipo ya TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi hizo, hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, siyo kwa noti langoni. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, ila athibitishe uraia. Kila mtu mzima achukue kitambulisho cha NIDA pamoja na cha Mzanzibari Mkaazi. Skuli ibebe barua yenye majina ya wanafunzi.

## Ratiba ya siku 7

1. Siku ya kwanza: Meli hadi Tanga. Laleni mjini. Basi likaguliwe tena jioni hiyo, mwenyewe akiwapo.
2. Siku ya pili: Ondokeni saa 1 asubuhi. Chakula cha mchana Korogwe au Mombo. Fikeni Lushoto kabla ya saa 10 alasiri.
3. Siku ya tatu: Lushoto mchana kutwa. Irente asubuhi, ambako ardhi inakatika ghafla na mnauona uwanda wa Mombo na nyika ya Umasai chini yenu. Jioni pitieni sokoni. Basi lipumzike, Irente panafikika kwa miguu kwa wenye nguvu, na kwa gari ndogo kwa wazee.
4. Siku ya nne: Shukeni taratibu hadi Mombo, kisha Same na Moshi. Mkono wa kulia mtakuwa na milima ya Usambara, halafu ya Upare, karibu njia nzima.
5. Siku ya tano: Marangu. Kuna maporomoko ya Kinukamori na ya Ndoro, na vihamba vya migomba na kahawa chini ya Kilimanjaro. Mkitaka kukiona kilele chenye mita 5,895, amkeni mapema. Mawingu hukifunika mchana na huweza kukiachia tena jioni.
6. Siku ya sita: Moshi hadi Tanga, kama kilomita 350. Laleni Tanga.
7. Siku ya saba: Meli ya kurudi.

Ratiba hii inataka meli ya siku ya saba. Kama meli ni siku nyingine, sogezeni safari nzima, msikate usiku wa Tanga.

Wanaokwenda siku 9 wataongeza Ziwa Duluti, lililo ndani ya kreta pale Tengeru karibu na Arusha, kisha Mto wa Mbu. Barabara ya Karatu inapopanda ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, simameni penye maegesho: Ziwa Manyara linatandaa chini yenu, na kulitazama hapo hamlipi kitu. Ngorongoro msiahidiane kushuka kreta kwa basi. Yanayoruhusiwa kushuka ni magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na kuyakodi ni bajeti nyingine kabisa.

## Kupanda na kushuka mlima

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na ndani yake mnapanda karibu mita 1,000. Barabara ina lami lakini ni nyembamba, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Dereva mwenye kuijua hupiga honi kabla ya kila kona iliyofichika, huachia njia gari linalopanda, na huteremka kwa gia ile ile ambayo angepandia. Utamsikia kwa sauti: injini inanguruma ikizuia basi, na mguu wake unagusa breki mara moja moja. Asiyeijua hushuka kimya, mguu juu ya breki moja kwa moja. Mkianza kusikia harufu kama ya mpira unaoungua, simamisheni basi pahala pa wazi mkangoje breki zipoe. Kiongozi wa msafara asione haya kulisema hilo.

Msisahau kilichotokea Mei 6, 2017, pale Rhotia, Karatu. Basi dogo la wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni kwenye mteremko. Wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Kwa sababu hiyo wekeni masharti haya, na yasijadiliwe barabarani:

- Hakuna kupanda wala kushuka mlima usiku. Ni kweli tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku nchini, lakini ruhusa hiyo hailazimishi mtu.
- Mvua kubwa ikinyesha mlimani, ngojeni. Maporomoko ya udongo hutokea Usambara.
- Mikanda ifungwe wakati wote. Hakuna kucheza wala kupiga ngoma mmesimama njiani.
- Mwendo ukipita kilomita 80 kwa saa, mwambieni dereva apunguze. Akikaidi, simameni kwenye kituo cha polisi cha mbele.

## Baridi na afya

Mtu wa Kengeja akiambiwa "kuna baridi" hubeba shuka moja. Haitoshi. Juni hadi Agosti, usiku wa Lushoto na Marangu unataka sweta, soksi, kofia na blanketi. Anayeweza kwenda Januari au Februari atapata jua na mlima ulio wazi zaidi. Machi hadi Mei ni masika, ahirisheni. Tazameni pia Ramadhani inaangukia wapi, maana kila mwaka inawahi kwa kama siku 11.

- Wenye selimundu. Baridi, kiu na mwinuko huweza kuwaamshia maumivu makali. Wamwone daktari kabla, wanywe maji kwa wingi, na wasiende juu ya Marangu.
- Wenye presha na sukari. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi, na zizidi kwa siku 3.
- Malaria. Hili Wapemba tunalidharau. Kwetu malaria imepungua mno, kwa hiyo na kinga ya miili yetu imeshuka. Muheza, Korogwe na Mto wa Mbu bado ipo. Laleni ndani ya chandarua hata kama ni usiku mmoja tu. Mkirudi, mwenye homa ndani ya mwezi mmoja aende kupima na aseme alikuwa Bara.
- Maji ya maziwa. Msioge wala msiwaache watoto wachezee ukingoni. Kichocho tunakijua, na Manyara kuna viboko.

## Chakula, swala na adabu

Viongozi wapange vituo vya swala pamoja na vya chakula. Korogwe, Same, Moshi na Arusha kote kuna misikiti, na mwenye msikiti hupenda kuarifiwa kwamba wanakuja watu 40. Masuala ya kupunguza na kujumuisha swala mumuulize ustadhi wenu kabla ya kuondoka, ili msibishane kando ya barabara.

Mkiwa Moshi onjeni mtori, mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Nyama ulizeni kwa upole imechinjwa wapi; wenyeji wamezoea swali hilo na hujibu bila kinyongo. Mkikaribishwa mbege, jueni ni pombe ya ndizi na ulezi. Kataeni kwa shukrani na muombe chai au kahawa ya hapo hapo.

Kabla ya kumpiga mtu picha, mwombeni ruhusa. Pale Soni, kati ya Mombo na Lushoto, wauza matunda watawazunguka dirishani na makapu ya mapeasi. Shukeni mnunue mkiwa chini, maana kununua basi likianza kuondoka kumeshawaumiza watoto wa watu.

## Maswali yanayobaki

"Kwa nini tusipande mabasi ya kawaida, nafuu?" Mkiwa chini ya 12, fanyeni hivyo. Zaidi ya hapo mtatawanyika, na wazee hawatapata kusimama wanapohitaji.

"Tukisafiri usiku tutaokoa pesa ya gesti." Mtaziokoa, na mtalipa kwa dereva mchovu na milima msiyoiona. Mmekuja kuitazama.

"Bibi yetu ataweza?" Ataweza, akikaa viti vya mbele, basi likisimama kila baada ya saa 2, na akipewa mtu mmoja wa kumtazama yeye tu.

"Tuongeze mji mmoja tu?" Jibu ni hapana, mpaka muongeze na siku.

## Kazi ya wiki hii

Msingoje kamati kubwa. Wiki hii fanyeni mambo matatu: mchagueni kiongozi mmoja atakayesikilizwa hadi siku ya kurudi, mtu mmoja aende Mkoani akaandike ratiba ya meli, na daftari lifunguliwe kwa wanaolipa, si kwa wanaopenda. Mkishayakamilisha hayo, ndipo mpige simu Tanga kuulizia basi.